Kabla ya kuandika "Limited" kwenye kibao

Kivuko kilikuwa bado kiko Rugezi. Ukiwa Kisorya unakiona ng'ambo kama kisanduku kilichowekwa juu ya maji, na mpaka kipakue, kipakie na kugeuza pua, unakuwa umemaliza chai na umekwisha kusikia habari zote za Mwibara: dagaa wameshuka bei, mihogo imeozea ardhini, fulani kauza eneo la marehemu baba yake bila kuwashirikisha wadogo zake. Habari za aina hiyo ya mwisho ndizo zinazowaleta mawakili huku.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mama lishe pamoja na wakili kijana mwenye ofisi Bunda mjini. Hakutaka jina lake litoke gazetini, nami nilimwelewa. Maadili ya kazi yake hayapendi wakili ajitangaze, na makala yenye jina lake na mahali ilipo ofisi yake inaweza kusomeka kama tangazo. Alikuwa anavuka kwenda Nansio kwa shauri la Jumatatu asubuhi. Kwenye mkoba alibeba majalada mawili, kompyuta, muhuri na kidau cha wino. Kulia kwake alikaa mama mjane mwenye bahasha ya nailoni iliyofungwa kwa mpira. Alimfuata pale gatini baada ya kusikia kwamba kuna wakili anapita.

Mama alikuwa bado hajafungua bahasha yake wakili aliponigeukia. "Kaka, wewe unaandika mambo ya biashara. Hivi nifunge hii ofisi ya jina langu, nisajili kampuni? Limited kabisa?"

Alikuwa na sababu tatu, zote za mtu aliyefikiri. Rafiki yake aliyeko Kanada alimwambia kwamba kule mawakili wengi wamejigeuza kampuni na kodi zao zikapungua sana. Pili, anajenga, ukuta umefika kwenye linta, na anaogopa kwamba siku mteja mmoja akimshitaki kwa uzembe, nyumba itakwenda na maji. Tatu, wateja wakubwa, wenye viwanda vya samaki na wachimba dhahabu, wanaheshimu karatasi yenye neno lile mwishoni. La kodi nilimjibu pale pale, kwa mengine nikamwomba anipe muda. Nimelibeba swali lake kwa wiki kadhaa, nikarudi kwenye sheria, nikahakiki hesabu, na jibu langu ni refu kuliko nilivyodhani nikiwa pale kwenye benchi.

Kiswahili chetu nacho kinachangia kulikoroga jambo hili. Tunasema "kampuni ya mawakili" kwa ofisi yoyote yenye kibao, hata kama ndani yake yumo wakili mmoja, karani mmoja na feni moja. Mbele ya sheria nyingi ya ofisi hizo si kampuni hata kidogo. Ni majina ya biashara yaliyoandikishwa kwa wakala wa usajili, BRELA, chini ya Sheria ya Kuandikisha Majina ya Biashara, Sura ya 213. Jina la biashara ni kama kofia: ukilivaa unabaki wewe yule yule, na anayekudai anakudai wewe. Kampuni iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 ni kitu kingine. Hiyo ni mtu wa pili, ana mali yake, madeni yake, na anaweza kushitaki na kushitakiwa.

Wanasheria wote huanza somo hili kwa fundi viatu wa London. Aron Salomon aliigeuza biashara yake ya viatu kuwa kampuni mwaka 1892. Sheria ya siku zile ilitaka wanachama saba, basi akaandika jina lake, la mkewe na majina ya watoto wao watano. Hisa zilikuwa 20,007, na 20,001 zilikuwa zake. Biashara ikayumba, kampuni ikafilisika, na waliokuwa wanaidai wakasema kampuni ile ni Salomon mwenyewe aliyevaa koti jipya, alipe. Mwaka 1896 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikakataa. Kampuni ikishasajiliwa kihalali, ilisema, ni mtu mwingine, na madeni yake ni yake. Ukuta ule uliojengwa kwa ajili ya fundi viatu ndio unaomlinda leo mwenye kampuni ya kusindika sangara Musoma au ya mabasi Bunda.

Wakili kijana anautaka ukuta huo huo. Shida ni kwamba kazi yake haipiti kwenye mlango ule.

Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamtaka anayefanya kazi hiyo awe na vitu vitatu: jina lake liwe kwenye Orodha ya Mawakili, awe na cheti hai cha kufanya kazi kwa mwaka husika, na awe na leseni ya biashara. Kuingia kwenye Orodha ni safari ya mtu mwenye mwili. Anasoma shahada, anapita Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, anapeleka maombi kwa Jaji Mkuu, anaapa. Akivunja maadili anaitwa mbele ya Kamati ya Mawakili, anaweza kusimamishwa au kufutwa jina. Kampuni haina mkono wa kuinua wakati wa kiapo, na ukiifuta jina inaweza kusajiliwa nyingine kesho yake.

Pale kwenye benchi wakili aliutoa muhuri wake nikauona kwa karibu. Mpira umeanza kulika pembeni, herufi ya mwisho ya jina la ukoo imefifia. Unamtaja kwa jina lake kamili kwamba ni wakili, mthibitishaji wa umma na kamishna wa viapo, kisha sanduku la posta, kisha Bunda. Mtu anayeapa kiapo cha maandishi huapa mbele ya macho ya huyo kamishna. Na sheria inamtaka aliyeandaa hati aweke juu yake jina lake na anuani yake, ili hati ikileta matatizo ijulikane imetoka mkononi mwa nani. Kwa hiyo kwa hapa Tanzania Bara jibu la kwanza ni jepesi: uwakili wenyewe, ule wa kusimama mahakamani, kuapisha watu na kuandika hati za ardhi, unafanywa kwa jina la mtu, akiwa peke yake au akiwa kwenye ubia na mawakili wenzake.

Kuna njia ya pembeni ambayo mawakili kadhaa wa mijini wameishika. Ofisi ya uwakili inabaki kama ilivyo, kisha inasajiliwa kampuni kando yake kwa ajili ya kazi nyingine: ukatibu wa makampuni, mafunzo, ushauri wa uendeshaji. Njia hiyo inapitika, ila mpaka wake ni mwembamba. Sheria ya Mawakili inamhesabia kosa mtu asiye na sifa anayelipwa ili aandae hati za mali au nyaraka za shauri, na kampuni kwa tafsiri hiyo ni mtu asiye na sifa. Siku kampuni ile ya ushauri itakapoanza kuandika mikataba ya kuuza viwanja na kutoza ada kwa stakabadhi yake, mwenyewe atakuwa ameliingia shimo alilolichimba. Tena kuna suala la kugawana ada. Wakili hatakiwi kumgawia ada ya uwakili mtu asiyekuwa wakili, na mwenye hisa kwenye kampuni ya pembeni anaweza kuwa shemeji, mke au rafiki wa utotoni.

Sasa kodi. Hapa niliomba kalamu nikaandika nyuma ya karatasi ya sukari, kwa sababu nimechoka kusikia ushauri wa Kanada ukitolewa Bunda.

Mkoani Ontario, kwa mfano, kampuni ndogo hulipa asilimia 12.2 ya faida inayofuzu kiwango cha biashara ndogo, wakati mtu binafsi mwenye kipato cha juu anakatwa zaidi ya asilimia 53 kwenye sehemu ya juu ya kipato chake. Pengo ni kubwa mno. Wakili wa Toronto anayeweza kuacha sehemu ya faida ndani ya kampuni bila kuitumia anaahirisha kodi nyingi kwa miaka. Ningekuwa yeye ningesajili kampuni wiki hii.

Kwetu ngazi zimepangwa vingine. Mtu binafsi anaanza na sifuri kwa shilingi 270,000 za mwanzo za mwezi, halafu asilimia 8, halafu 20, halafu 25, na akivuka shilingi 1,000,000 kwa mwezi anakatwa asilimia 30 ya kile kilichozidi. Kampuni inaanza na kumaliza kwa asilimia 30. Hakuna ngazi za chini za kupumzikia. Kisha faida iliyobaki ikitoka kwenda kwa mwenye hisa kama gawio, inakatwa tena asilimia 10.

Chukua wakili ambaye baada ya kulipa pango, karani, nauli na wino anabaki na faida ya shilingi 36,000,000 kwa mwaka, na ana hesabu kamili. Akilipa kama mtu binafsi, milioni 12 za kwanza zinamgharimu kodi ya shilingi 1,536,000, na milioni 24 zilizobaki kwa asilimia 30 ni 7,200,000. Jumla 8,736,000. Anakwenda nyumbani na 27,264,000. Tuigeuze faida hiyo hiyo kuwa ya kampuni: asilimia 30 ya milioni 36 ni 10,800,000, zinabaki 25,200,000, na akizitoa zote kama gawio inakatwa 2,520,000. Anakwenda nyumbani na 22,680,000. Amepoteza shilingi 4,584,000 kwa ajili ya neno moja kwenye kibao, na hapo hajamlipa mkaguzi wa hesabu wala ada za mwaka za BRELA.

Wakili aliitazama karatasi muda mrefu. "Na nikijilipa mshahara?" Swali zuri. Kampuni ikikulipa mshahara wa milioni tatu kwa mwezi, faida ya kampuni inakwisha na unakatwa kwa ngazi zile zile za mtu binafsi. Umezunguka Ukerewe yote ukarudi Kisorya. Katikati utakuwa umebeba mchango wa hifadhi ya jamii, ambao angalau ni akiba yako, na mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, na ritani za kila mwezi. Kodi ya ongezeko la thamani nayo haikupi nafuu: mtoa huduma za kitaaluma anatakiwa kujisajili bila kujali ukubwa wa mauzo yake, awe mtu au kampuni. Na ubia? Ubia kwetu haulipi kodi ya mapato kama ubia. Faida inagawanywa kwa wabia kwenye vitabu na kila mmoja analipa ya kwake kwa ngazi zake. Kwa wakili wa kipato cha kati, ubia na kazi ya peke yako vinatendewa karibu sawa na mamlaka ya mapato, TRA, na kampuni inatendewa vibaya zaidi.

Sababu ya kwanza ikaanguka pale pale, kabla chai haijapoa.

Ya nyumba haikuanguka kirahisi, na haistahili kuanguka. Hofu ya wakili kupoteza alichojenga ni hofu ya haki. Wakili wa Bunda anashika hela za watu. Mtu anauza kiwanja, mnunuzi hamwamini muuzaji, fedha zinapita kwenye akaunti ya wateja ya wakili mpaka uhamisho ukamilike. Kosa moja la tarehe, jina moja lililokosewa, na mtu amepoteza mali ya ukoo.

Wavuvi wa mwalo huu wanaujua ubia kuliko vitabu vyangu. Mmoja ana mtumbwi, mwingine ana injini, mwingine nyavu na taa. Usiku wa dagaa ukiisha wanatoa gharama za mafuta, kilichobaki wanagawana. Mtumbwi ukizama wamezama wote, hata yule aliyekuwa amelala nyumbani. Ubia wa mawakili hapa Bara unaendeshwa kwa mantiki hiyo hiyo, chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Mbia anawajibika pamoja na wenzake kwa madeni ya ubia, na kosa alilolifanya mmoja akiwa kwenye kazi ya ubia linaweza kuwafuata wote hadi majumbani. Hiki ndicho kinachowafanya mawakili wetu wengi wabaki peke yao. Nimewasikia wakisema heshima ya mwenzako unaijua, mkono wake huujui.

Nchi nyingine zimelifanyia kazi tatizo hili. Texas, baada ya benki za akiba kufilisika mfululizo miaka ya 1980 na mawakili na wahasibu waliozihudumia kuandamwa kwa madai, ilitunga mwaka 1991 ubia wa aina mpya ambao dhima ya mbia ina kikomo. Uingereza ikafuata kwa sheria ya mwaka 2000. Kenya ikatunga ya kwake mwaka 2011, na ofisi kubwa za Nairobi zikaongeza herufi tatu, LLP, mwishoni mwa majina yao. Ubia wa namna hiyo ni mtu wa kisheria kama kampuni, lakini wabia wanabaki wabia. Tanzania Bara hatuna sheria kama hiyo.

Ila watu wengi wanaozitamani herufi hizo hawakuisoma sehemu inayouma. Ubia wenye kikomo unamlinda mbia dhidi ya makosa ya mbia mwenzake. Makosa yake mwenyewe anabaki nayo. Ukikosea tarehe wewe, umeshitakiwa wewe, na ukuta wa Salomon hausogei kukufunika, kwa sababu uzembe wa mtaalamu ni wa mtaalamu mwenyewe. Sasa mfikirie wakili anayefanya kazi peke yake. Hana mbia wa kumkosesha. Makosa yote ya ofisi yake ni yake au ya karani anayemsimamia. Hata tukimpa kesho kampuni yenye kila muhuri wa BRELA, nyumba yake itakuwa imelindwa dhidi ya mwenye pango na muuza kompyuta, basi. Kinachoilinda dhidi ya mteja aliyeumia ni bima ya dhima ya kitaaluma, akaunti ya wateja isiyoguswa kwa matumizi ya ofisi, na kalenda ya tarehe za mahakama inayotazamwa na watu wawili.

Kuhusu wateja wakubwa sitasema mengi. Mwenye kiwanda anayemchagua wakili kwa neno la mwisho kwenye karatasi atamwacha kwa sababu nyepesi kama hiyo. Ila waliokwenda mbali zaidi kwenye barabara hii tunaweza kuwatazama. Australia iliruhusu mawakili kuunda makampuni, hata kuuza hisa kwa watu wa nje, na Mei 2007 Slater & Gordon ikawa ofisi ya kwanza ya mawakili duniani kuuza hisa zake kwenye soko la hisa. Ilikua haraka. Mwaka 2015 ikanunua biashara ya madai ya fidia ya kampuni ya Quindell nchini Uingereza kwa pauni milioni 637, na ununuzi ule ukaiangusha. Hisa zikaporomoka hadi senti, na mwaka 2017 waliokuwa wanaidai wakaichukua. Ofisi iliyojengwa kwa kuwatetea wafanyakazi walioumia ilijikuta inawajibika kwa wenye hisa ambao hawakuwahi kumwona mfanyakazi yeyote kati ya hao. Sitaki tufike huko, na sioni aibu kusema hivyo.

Basi mama mjane akaondoa ule mpira.

Ndani ya bahasha mlikuwa na nakala ya hukumu ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, stakabadhi nne za ada na picha ndogo ya mumewe. Eneo lenyewe liko kando ya ziwa, ekari mbili na kitu, na shemeji yake alishinda. Mama alikuwa na wakili wake Mwanza, mtu mzima aliyemheshimu. Sheria inatoa siku 45 kukata rufaa Mahakama Kuu kutoka baraza la wilaya. Wakili yule alimwambia asiwe na wasiwasi, rufaa anaiandaa. Akafariki.

Mama alikwenda Mwanza mara tatu. Mara ya kwanza alikuta ofisi imefungwa kwa kufuli mbili, ya marehemu na ya mwenye nyumba aliyekuwa anadai pango. Mara ya pili alimpata mtoto wa marehemu, aliyempokea vizuri na kumwambia, "Mama, sisi hayo majalada hatuyajui, hata kompyuta ya baba hatuna namba ya kuifungua." Mara ya tatu karani alikuwa ameshapata kazi mji mwingine. Hati halisi za mama, pamoja na karatasi ya mauziano ya mwaka aliyoolewa, ziko ndani mpaka leo. Siku 45 zilipita akiwa kwenye mabasi.

"Mwanangu wakili," alisema, "mimi silaumu. Kifo ni cha Mungu. Nauliza tu, ile kazi yangu alimwachia nani?"

Wakili kijana hakumjibu mara moja. Alimweleza kwa upole kwamba sheria inaruhusu kuomba Mahakama Kuu iongeze muda kukiwa na sababu za msingi, kwamba kifo cha wakili ni jambo ambalo jaji anaweza kulisikiliza, na kwamba siku hizi Mahakama Kuu iko Musoma, hana haja ya kwenda Mwanza. Kisha akanigeukia na sababu ya nne, ile ambayo hakuitaja mwanzo. "Unaona, kaka? Kampuni haifi."

Hapo ndipo swali lake lilipopata uzito wote, na hapo ndipo nilipotofautiana naye kuliko sehemu nyingine. Kweli kampuni haifi. Lakini kampuni ya mtu mmoja, huyo mmoja akifa, inabaki hai kwenye kompyuta za BRELA na imefungwa kufuli mbili Mwanza. Msimamizi wa mirathi anarithi hisa. Jalada la mama hawezi kulisimamia, kwa sababu yeye si wakili. Mama alihitaji binadamu wa pili mwenye sifa, aliye kwenye Orodha ya Mawakili, mwenye ufunguo, anayejua kwamba kuna rufaa ya Kisorya na siku zake zinakwisha tarehe fulani. Huyo anaitwa mbia.

Zamani mbia wa namna hiyo alikuwa adimu. Mwaka 1961, kitivo cha sheria kilipofunguliwa Dar es Salaam, kilianza na wanafunzi 14. Wilaya hii ya Bunda ilimpeleka pale kijana mmoja miaka michache baadaye, Joseph Sinde Warioba, aliyekuja kuwa Mwanasheria Mkuu, Waziri Mkuu, kisha jaji. Kizazi kile kilikuwa kidogo kiasi kwamba wakili wa Mwanza alikuwa na wenzake wachache wa kushirikiana nao hata angetaka. Leo majina kwenye Orodha yamepita elfu kumi. Wakili wa Bunda ana wanafunzi wenzake Musoma, Tarime, Nansio, kila mmoja na chumba chake, karani wake, pango lake, na kila mmoja akiomba Mungu asiugue wiki ya shauri. Nashindwa kuikubali hali hii tunapoitazama kama jambo la kawaida.

Kwa hiyo nilimwambia wakili hivi, na nayaandika hapa kwa wengine walio kwenye nafasi yake. Achana na Limited kwa kazi ya uwakili. Sheria haikupi na kodi haikutunzi. Tafuta mbia mmoja, usiyemwonea haya kumuuliza maswali magumu. Andikeni hati ya ubia kabla ya kuchonga kibao. Bila makubaliano, sheria inauvunja ubia mbia mmoja anapofariki, basi hati iseme kwamba ubia unaendelea, nani anapokea majalada, na familia ya marehemu inalipwa nini na kwa muda gani. Akaunti ya wateja itoke kwa saini mbili, kila mwisho wa mwezi mkae chini mlinganishe daftari na taarifa ya benki, hata kama mnaaminiana kama ndugu. Kateni bima kwa jina la ubia. Kazi hii inachosha na haimvutii kijana anayetaka kukua haraka, lakini ndiyo inayopunguza ile hofu ya mkono wa mwenzako kuliko ukuta wowote wa kisheria.

Bunge nalo lina kazi. Naamini Tanzania Bara inahitaji sheria ya ubia wenye dhima yenye kikomo, ili wakili mwaminifu asikimbie ubia kwa kuogopa nyumba yake. Lakini kinga hiyo isitolewe bure. Ofisi inayoitaka ilazimike kuwa na bima ya kiwango kinachoeleweka, wabia wote wawe mawakili, na kila jalada liwe na majina mawili: anayelishughulikia na atakayelipokea asipokuwepo. Tukiwapa mawakili ukuta bila sharti hilo la mwisho, tutakuwa tumeijali nyumba yenye linta na kuisahau bahasha yenye mpira.

Honi ya kivuko ililia. Pikipiki zikawashwa, wachuuzi wa mananasi wakakimbilia gati, lori la mihogo likaanza kurudi nyuma taratibu. Mama alikuwa ameshatia dole gumba kwenye fomu ya kumpa wakili kazi, na muhuri ulikuwa umegongwa, herufi ya mwisho ikiwa imefifia kama nilivyoiona. Wakili aliikunja nakala yake, akaifungua tena, akaiweka juu ya goti. Chini ya jina lake aliandika kwa kalamu jina la mwanasheria aliyesoma naye, wakili wa Musoma, na namba yake ya simu. Kisha akampigia pale pale, huku akitembea kuelekea gati, akimweleza kuhusu ekari mbili za Kisorya na tarehe ya hukumu.

Mama alinipa karatasi nimsomee. Jina la kwanza alilijua. Aliniomba nilisome la pili tena, polepole, mpaka alipoweza kulisema mwenyewe.